Laptopu ya zamani, video nyingi na faili tupu: nianzie wapi?

Swali: Nimekuwa nikijifunza kutengeneza tovuti peke yangu kwa karibu mwaka mzima, nikitazama video. Nikimfuata mwalimu, kila kitu kinakubali. Nikifunga video na kufungua faili tupu, sijui hata mstari wa kwanza niandike nini. Kozi ya React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, nimeianza mara mbili na kuiacha mara mbili. Laptopu yangu ni ya zamani, RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka, na ni nzito kupita kiasi. Rafiki mmoja anasema ninunue mpya. Mwingine anasema niondoe Windows, niweke mfumo wa Linux na niigeuze kuwa seva ya nyumbani. Je, tatizo ni mashine, ni lugha niliyochagua, au ni mimi?

Jibu: Tuanze na mashine, maana hilo ni jepesi. HTML (muundo wa ukurasa), CSS (mwonekano wake) na JavaScript (matendo yake) ni maandishi matupu. Ukurasa mzima wa mwanafunzi ni kilobaiti chache tu, na mashine yako inaufungua bila kuhema. Kinachoibana ni vingine: vichupo ishirini vya kivinjari, video inayocheza pembeni, kihariri kilichojazwa viongezi usivyovitumia, na mfumo wenyewe. Kwa Windows 11, GB 4 ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubalika, na Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Hapo rafiki yako wa Linux ana hoja.

Kabla hujatoa pesa, pima. Kwenye Linux andika `free -h`. Kwenye Windows fungua Task Manager. Fanya kazi yako ya kawaida, kisha tazama RAM ikifika ukingoni kinatokea nini. Mfumo huanza kuhamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni mahali pabaya pa kuhamishia kitu: kichwa chake cha kusomea huhitaji milisekunde kadhaa kila kinaporuka kwenda sehemu nyingine, wakati SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, hufanya hivyo kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Ndiyo maana laptopu inaganda huku taa ya diski ikiwaka bila kuzima. Kama una uwezo wa kununua kitu kimoja tu, nunua SSD na uache laptopu mpya dukani. RAM ifuate baadaye, baada ya kuhakikisha kwamba modeli yako inaruhusu kuongezwa, kwa sababu katika baadhi ya laptopu nyembamba RAM imechomelewa kwenye ubao.

Ukiamua kuweka Linux, chagua yenye mazingira mepesi kama Xfce au LXQt. Iwashe kwanza kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, ukague waifai, sauti na kibodi. Nakili mafaili yako yote kwenye diski nyingine kabla ya kugusa kitufe cha kusakinisha. Hayo yanatosha kuhusu mashine.

Sasa kiini cha swali. Abiria anaweza kupita barabara moja mwaka mzima na bado asijue kona zake, kwa kuwa usukani haukuwahi kuwa mikononi mwake. Video zimekufanyia hivyo. Kila uamuzi ulishafanywa kabla hujabonyeza kitufe cha kucheza: folda iitweje, jedwali au orodha, kitufe kiwe wapi, kosa lisahihishwe vipi. Wewe ulinakili majibu ya maswali ambayo hukuwahi kuulizwa. Faili tupu linakuuliza maswali hayo yote kwa mpigo, na ndiyo maana unaganda.

Ushauri wangu ni huu: acha kozi zote kwa muda, chagua kitu kimoja kidogo unachokihitaji mwenyewe, na ukijenge kuanzia faili moja hadi kwenye seva, kwenye mashine hiyohiyo uliyonayo. Nitatumia mfano wa orodha ya vitabu ulivyoazimisha watu: jina la kitabu, nani amekichukua, siku ngapi zimepita. Ni kitu kidogo, lakini njiani kitakupitisha karibu kila mahali ambapo mtengeneza tovuti anapaswa kupita.

Tengeneza folda, na ndani yake faili moja, `index.html`. Usiandike CSS bado. Andika kichwa cha habari, jedwali lenye vitabu vitatu vya kweli, na fomu ya kuongeza kitabu, hata kama fomu yenyewe haifanyi chochote. Kwenye mstari wa juu weka `<html lang="sw">`, maana kivinjari hakibashiri vizuri kuwa ukurasa wako ni wa Kiswahili, na programu zinazowasomea wasioona huchagua matamshi kwa kutazama hapo. Weka pia `<meta charset="utf-8">`. Mtu akikuandikia "ng’ombe" kwa alama ya juu iliyopinda na wewe umesahau mstari huo, huenda ukaona `â€™` katikati ya neno na usijue imetoka wapi.

Ukikwama kwenye tagi, usirudi kwenye video. Fungua MDN, kamusi ya teknolojia za wavuti iliyoanzishwa na Mozilla, usome ukurasa wa tagi hiyo moja, kisha ufunge. Kiingereza chake hakina maringo, na kila ukurasa una mfano unaoweza kuuchezea. Ni polepole kuliko video. Ila kile ulichokitafuta mwenyewe kwa sababu ulikihitaji hakitoki kichwani haraka.

Ukishafungua faili kwa kubofya mara mbili, tazama upau wa anwani: inaanza na `file:///`. Maana yake kivinjari kimelisoma faili kutoka kwenye diski, hakuna mtandao uliohusika. Sasa fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) ndani ya folda hiyohiyo na uandike:

`python3 -m http.server 8000`

(Python ni lugha ya programu; kwenye Windows huenda ukahitaji kuisakinisha kwanza, na amri ni `python` bila 3), kisha nenda `http://localhost:8000` kwenye kivinjari. Ukurasa ni uleule, lakini itazame terminali. Umeandikwa mstari wenye `GET / HTTP/1.1` na namba 200, yaani imepatikana, na mara nyingi chini yake upo mwingine unaoomba `/favicon.ico` wenye namba 404, yaani haipo. Huo wa pili hukuuomba wewe. Kivinjari kimejiombea chenyewe ile picha ndogo ya kwenye kichupo, hakikuipata, na kimeendelea na kazi.

Kaa hapo kidogo, maana hapo ndipo kozi nyingi hupita mbio. Umeona mazungumzo yote ambayo wavuti umejengwa juu yake tangu Tim Berners-Lee aubuni akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, mwishoni mwa miaka ya 1980: upande mmoja unaomba kitu kwa jina, upande mwingine unajibu kwa namba na maudhui. Rafiki yako aliyesema uigeuze laptopu kuwa seva hakukosea, ila seva si aina ya mashine. Seva ni programu inayosubiri maombi, na laptopu yako imeshakuwa seva bila kufutwa chochote.

Chukua simu sasa. Ikiwa kwenye waifai moja na laptopu, tafuta anwani ya laptopu kwa `hostname -I` kwenye Linux au `ipconfig` kwenye Windows. Mara nyingi itaanza na 192.168 au 10. Andika anwani hiyo kwenye simu ikifuatiwa na `:8000`. Ikikataa, shuku ukuta wa moto wa laptopu kwanza, kisha waifai ya wageni, ambayo kwa kawaida huzuia vifaa kuonana. Ikikubali, ukurasa utaonekana kwa maandishi ya kuchungulia. Simu hujifanya kuwa na skrini pana ya kompyuta, kwa kawaida pikseli 980, halafu husinyaza kila kitu kikae. Dawa ni mstari mmoja:

`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

Umeuona mstari huo kwenye kila video. Sasa unajua kazi yake, kwa sababu umeona ukurasa usiokuwa nao.

Tahadhari moja: programu hiyo ya Python hutoa chochote kilichomo kwenye folda ulimoiwashia. Ukiiwasha kwenye folda yako kuu ya nyumbani, kila aliye kwenye mtandao huo anaweza kusoma nyaraka zako. Iwashe ndani ya folda ya mradi tu, na uizime kwa Ctrl+C ukimaliza.

CSS nitaipita haraka. Jifunze jinsi kila kitu kilivyo kisanduku chenye nafasi ya ndani, mpaka na nafasi ya nje, kisha flexbox, njia ya kuvipanga visanduku hivyo, basi. Bonyeza F12 kufungua zana za kivinjari, chagua kitu kwa kishale chake cha kuchagulia, badilisha thamani palepale uone. Rangi na vivuli vinaweza kusubiri mpaka vikuudhi.

JavaScript ndiyo inayostahili muda wako. Brendan Eich aliandika toleo la kwanza kwa takribani siku 10 mwaka 1995, na baadhi ya vituko vya siku hizo vimo hadi leo kwa sababu kuviondoa kungevunja tovuti za zamani. Utakutana navyo mapema. Jaribu kujumlisha siku zilizoandikwa kwenye fomu: mtumiaji ameweka 3 na 4, wewe unapata 34. Thamani ya kisanduku cha fomu hukufikia kama maandishi, na alama ya kujumlisha kati ya maandishi mawili huyaunganisha. Utahitaji `Number()`. Kisha utaandika `'ng'ambo'` na programu nzima itakufa, kwa kuwa ile alama ya ng' imefunga maandishi kabla ya wakati. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna haki ya kupendelea nukuu mbili kuliko watu wengine wote.

Utakutana pia na `Cannot read properties of null` na utadhani kitufe hakipo, ilhali unakiona kwa macho. Kivinjari husoma ukurasa kutoka juu kwenda chini. Kama msimbo wako umeitwa kwenye `head`, sehemu ya mwanzo ya ukurasa, unatafuta kitufe ambacho bado hakijasomwa. Ongeza neno `defer` kwenye tagi ya `script` na kosa litaondoka. Jizoeze kusoma ujumbe wa kosa mpaka mwisho, na namba ya mstari iliyo pembeni yake, kabla ya kuutafuta popote. Wanaojifunza peke yao huona rangi nyekundu wakakimbia.

Kuhusu kuuliza programu za akili bandia: ziulize kosa maana yake nini, au kwa nini mstari fulani unafanya unachofanya. Usiziombe zikuandikie orodha ya vitabu. Hiyo itakuwa video nyingine, fupi zaidi tu.

Orodha ikifanya kazi, utagundua kwamba ukipakia ukurasa upya kila ulichoongeza kimepotea. Utasoma kuhusu `localStorage`, hazina iliyo ndani ya kivinjari, na utafurahi, hadi utakapofungua simu na kukuta orodha tupu. Kila kivinjari kina hazina yake, na cha simu hakijui cha laptopu. Sasa una sababu ya kweli ya kujifunza upande wa seva: unataka orodha moja ionekane kwenye vifaa viwili, kwa hiyo lazima ikae mahali pamoja.

Lugha ya upande huo isikupotezee usingizi. Mimi ningekuelekeza Python na Flask, maktaba yake ndogo ya kujengea upande wa seva, kwa kuwa Python tayari umeiita mara moja na hifadhidata ya SQLite huja nayo. PHP ingefaa pia, na Node vilevile. SQLite huweka hifadhidata nzima ndani ya faili moja, hivyo kwenye RAM ya GB 4 hutaihisi. Angalia mambo mawili. Flask ikiwashwa kwa kawaida husikiliza 127.0.0.1 tu, yaani mashine yenyewe, kwa hiyo simu itagonga bila kufunguliwa mpaka uiambie `host="0.0.0.0"`. Ukifanya hivyo, zima hali ya `debug`, maana hiyo inaweza kumpa mgeni nafasi ya kuendesha msimbo kwenye mashine yako. La pili, usiunganishe kamwe maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata. Weka alama ya `?` na uipe thamani pembeni. Ukitaka kujua kwa nini, andika kwanza ile njia mbovu, kisha weka nukuu moja katikati ya jina la kitabu. Ng' itakusaidia tena.

Kabla ya kwenda mbali, anza kutumia Git, chombo cha kuhifadhi historia ya msimbo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya msimbo wa Linux. Unahitaji amri tano tu kwa sasa: `init`, `add`, `commit`, `log`, na `restore` ya kurudia ulichohifadhi. Hifadhi hatua kila kitu kidogo kinapofanya kazi, na andika ujumbe unaoeleweka. Faida kubwa kwa anayejifunza ni ujasiri: unaweza kuharibu msimbo makusudi ukijua njia ya kurudi. Faili la SQLite na nywila zozote ziwekwe kwenye `.gitignore`, orodha ya vitu ambavyo Git haivihifadhi.

Na uharibu kweli. Badilisha jina la picha kutoka `Jalada.jpg` kuwa `jalada.jpg` bila kugusa HTML: kwenye Windows itaonekana, kwenye Linux haitaonekana, kwa sababu Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Tovuti nyingi za wanaoanza hupoteza picha siku zinapohamia kwenye seva halisi kwa sababu hii pekee. Ondoa ruhusa ya kusoma faili uone ile seva ya Python ikijibu 404, kana kwamba faili halipo. Weka kosa kwenye msimbo wa Flask uone 500, yaani kosa la ndani ya seva. Kwenye Linux, washa seva mara mbili usikie ikilalamika kwamba mlango (port, ile namba 8000) umeshakaliwa. Kosa ulilolisababisha mwenyewe ukalitengeneza halitakutisha tena likija lenyewe.

Suala la seva ya nyumbani inayowaka muda wote nimeliweka mwisho makusudi. Una laptopu moja. Usiifute ili iwe seva, ukabaki huna pa kufanyia kazi. Siku ukipata mashine nyingine, hii ya zamani itafaa sana, maana betri yake, kama bado nzima, huishikilia umeme ukikatika. Kama betri imevimba, itoe na usiitumie. Weka Debian, aina mojawapo ya Linux, bila mazingira ya picha, iingie kwa SSH (njia ya kuiendesha ukiwa kwenye mashine nyingine) ukitumia funguo badala ya nywila, kwenye `/etc/systemd/logind.conf` weka `HandleLidSwitch=ignore` ili isilale ukifunga kifuniko, na kwenye ruta ihifadhie anwani isiyobadilika. Programu yako iandikie huduma ya systemd, kiwashaji na kisimamizi cha programu kwenye Linux, ili ijiwashe yenyewe mashine inapowaka. Nginx, programu ya seva inayopokea maombi na kuyapitisha, ikae mbele yake.

Watu wengi hukwama wanapotaka tovuti hiyo ionekane nje ya nyumba. Angalia anwani ya nje iliyoandikwa ndani ya ruta, kisha uilinganishe na ile ambayo tovuti za kuonyesha IP zinakwambia. Zikitofautiana, na hasa ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma wako anawapa wateja wengi anwani moja ya pamoja, na hakuna mlango utakaoufungua kwenye ruta utakaofika kwako. Hata zikifanana, mimi nisingefungua. Ukiweka mlango wa 22, ule wa SSH, wazi kwenye intaneti, roboti zitaanza kujaribu nywila upesi, na mtu anayejifunza hana sababu ya kuzikaribisha mahali anapohifadhi picha za familia. Kurasa zisizohitaji hifadhidata zipeleke GitHub Pages, huduma ya kuweka kurasa mtandaoni, ni bure na zinapata HTTPS bila jasho. Orodha ya vitabu iache ndani.

Imebaki React. Ilitolewa kwa umma na Facebook mwaka 2013 ili kutatua tatizo ambalo bado hukuwa nalo ulipoianza, kwa hiyo sishangai kwamba uliiacha. Endelea kuongeza vitu kwenye orodha: idadi ya vitabu juu ya ukurasa, kichujio cha walioazima, onyo kwa waliochelewa. Siku moja utafuta kitabu, jedwali libadilike, onyo litoweke, lakini ile idadi ya juu ibaki ileile, kwa kuwa umesahau kuisasisha. Utarekebisha, kisha utasahau kwingine. Hayo yakianza kukuchosha, fungua kozi ile kwa mara ya tatu, ruka sura zinazofundisha HTML, na uende moja kwa moja kwenye somo la `state`, yaani data inayobadilika na kurasa kujisasisha zenyewe kuifuata.